Hadubini ya lenzi nne kwa somo la seli: inachoonyesha, isichoonyesha, na cha kukagua kabla ya kulipa

Hadubini inayopimwa hapa ni ile ya kawaida ya maabara za sekondari: mwili wa chuma, lenzi ya jicho ya 10x, kizungusho chenye lenzi nne za chini (4x, 10x, 40x na 100x), jukwaa lenye vibano viwili, na mwanga wa taa ya LED au wa kioo cha kugeuzageuza. Viwanda vinavyoitengeneza ni vingi na majina yanayobandikwa ubavuni ni mengi zaidi, lakini umbo na namba ni zilezile. Tunaipima kwa kazi moja tu: kumwonyesha mwanafunzi anayeanza biolojia sehemu za seli kwa macho yake mwenyewe, asiishie kukariri mchoro wa ubaoni.

Kwa kazi hiyo inafaa, na inafaa sana. Ila lenzi zinazofanya kazi ni tatu, na ya 40x ndiyo inayobeba somo zima. Pesa anayoongeza mnunuzi ili apate hadubini ya “2000x” ingetosha kununulia iodini, slaidi na vioo vya kufunikia, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama kiini kitaonekana au darasa litaondoka limechora mapovu ya hewa.

Anza na maandishi yaliyo kwenye lenzi, kwa sababu hapo ndipo muuzaji na mnunuzi wanapopishana. Lenzi ya 40x iliyo sawasawa imeandikwa 40/0.65, na chini yake 160/0.17. Namba 40 kila mtu anaielewa. Namba 160 ni urefu wa bomba la hadubini kwa milimita, na 0.17 ni unene wa kioo cha kufunikia ambao lenzi imetengenezewa, pia kwa milimita. Iliyobaki, 0.65, ndiyo yenye maana kubwa kuliko zote: inapima upana wa mwanga ambao lenzi inaweza kuukusanya kutoka kwenye kitu, na upana huo ndio unaoweka mpaka wa udogo wa kinachoonekana. Mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe aliueleza mpaka huo mwaka 1873 na hakuna kiwanda kilichouvuka kwa vioo na mwanga wa kawaida. Kwa mwanga wa kijani, lenzi ya 0.65 inatenganisha nukta mbili zilizoachana kwa takribani nusu mikromita. Zikisogeleana kuliko hapo zinakuwa nukta moja, hata ukiikuza picha ijae ukuta wa darasa.

Sasa weka sehemu za seli kando ya kipimo hicho. Milimita moja ina mikromita 1000, na mikromita moja ina nanomita 1000. Kiini cha seli ya shavu la mtu kina upana wa mikromita 8 hivi. Kloroplasti ina mikromita 5 mpaka 10. Mitokondria ina unene wa nusu mikromita mpaka moja. Ribosomu ina nanomita 20 mpaka 30, na utando wa seli una unene wa nanomita 7 mpaka 10. Kwa hiyo kabla hata ya kuwasha taa unajua kwamba kiini na kloroplasti vitaonekana vizuri, mitokondria itakuwa mpakani, na ribosomu na utando haviwezi kuonekana kwa chombo hiki kwa bei yoyote.

Jaribio la kwanza ni ngozi ya kitunguu maji, na si kwa mazoea tu. Ina tabaka moja la seli, haina rangi ya kuficha kitu, na seli zake ni kubwa. Kata kitunguu vipande vinne, bandua ganda moja lenye nyama, kisha livunje ili upande wa ndani uliobonyea uachie ngozi nyembamba kama nailoni. Ivute kwa kibano na ukate kipande kisichozidi milimita 5 kwa 5. Kitandaze kwenye tone moja la maji katikati ya slaidi, kisijikunje, kisha dondosha tone moja la iodini. Subiri dakika 2 au 3. Shika kioo cha kufunikia kikiwa kimeinama, ukingo mmoja ukigusa maji, kisha kishushe polepole kwa sindano. Ukikidondosha kwa mkupuo unafungia hewa ndani, na povu la hewa ni duara zuri lenye ukingo mweusi mnene ambalo wanafunzi hulipenda kuliko seli yenyewe. Wakilichora na kuliita kiini, waambie waligonge taratibu kwa ncha ya penseli juu ya kioo: povu litahama, kiini kitabaki na seli yake.

Iodini yenyewe hutengenezwa kwa mpangilio, na mpangilio ukikosewa haikubali. Yeyusha kwanza gramu 2 za potasiamu iodidi katika maji kama mililita 10. Ndipo utie gramu 1 ya iodini, ukoroge mpaka iishe yote, kisha uongeze maji yafike mililita 300. Iodini peke yake karibu haiyeyuki katika maji matupu, na anayeanza kwa kuitia kwenye mililita 300 huishia na maji ya manjano hafifu yenye chenga nyeusi chini. Iweke kwenye chupa ya kahawia mbali na jua. Rangi inayofaa ni ya chai ya rangi ya kawaida. Ikiwa nzito kama kahawa, seli nzima hugeuka kahawia na kiini kinapotelea humo.

Kwa 4x, ambayo pamoja na lenzi ya jicho inakuza mara 40, unaona eneo lenye upana wa takribani milimita 4.5, na ngozi inaonekana kama ukuta wa matofali uliotazamwa kwa mbali. Kwa 10x eneo linakuwa milimita 1.8, na hapa ndipo mahali pa kuchora mpangilio wa seli. Kwa 40x eneo lina milimita 0.45 tu. Seli ya kitunguu mara nyingi ina urefu wa robo milimita au zaidi, hivyo moja inaweza kuchukua zaidi ya nusu ya picha. (Vipimo hivi ni vya lenzi ya jicho iliyoandikwa 18 kando ya 10x, kama imeandikwa namba nyingine, igawe kwa ukuzaji wa lenzi ya chini na utapata upana kwa milimita.) Kipimo hiki kinampa mwanafunzi rula ya bure. Akihesabu seli 9 zilizopangana kwa upana katika picha ya 40x, anajua kila moja ina upana wa milimita 0.05, yaani mikromita 50.

Katika picha hiyo ya 40x ndimo hadubini inapolipa gharama yake. Mistari minene inayotenganisha seli ni kuta za selulosi, zinazoipa seli umbo na kuizuia isipasuke inapovuta maji. Ndizo alizoziona Robert Hooke mwaka 1665 alipotazama kizibo cha mti na kuvipa vyumba vile jina la seli. Ndani mwake hamkuwa na kitu kwa kuwa zilikuwa zimekufa zamani. Kiini ni kisahani cha rangi ya manjano iliyokolea. Kimebeba DNA, yaani karibu maelekezo yote ya kuiunda seli na kuiendesha. Zungusha skrubu ndogo ya kufokasi kidogo tu, mbele na nyuma, na ndani ya kiini utaona kinukta kimoja au viwili vinavyong'aa tofauti: ni vijiini, mahali zinapoanzia kuundwa ribosomu. Wanafunzi wengi huambiwa kijiini ni cha kwenye kitabu tu. Kipo pale, kwa lenzi ya 40x, mradi mwanga umepunguzwa.

Karibu kila seli kiini kimebanwa pembeni. Hilo ni swali zuri la kuliuliza darasa kabla ya kulijibu. Katikati pameshikwa na vakuoli, mfuko mkubwa wa maji yenye sukari, chumvi na mara nyingine rangi, unaoisukuma saitoplazimu, yaani ute ulio ndani ya seli, na kiini chake mpaka kwenye kuta. Vakuoli ndiyo inayoufanya mchicha uwe mkakamavu asubuhi na kulegea mchana ikipungukiwa maji. Saitoplazimu inabaki kuwa utepe mwembamba wenye chembechembe kandokando ya ukuta, na mara nyingine nyuzi zinazokatiza katikati.

Utando wa seli je? Mchoro wa ubaoni una mistari miwili, ukuta nje na utando ndani, na mwanafunzi mwaminifu atasema ameuona mmoja. Yuko sahihi, na apewe alama. Utando ni mwembamba mara zaidi ya hamsini kuliko uwezo wa lenzi. Unaweza hata hivyo kuonyeshwa mahali ulipo. Chukua kitunguu chekundu, na safari hii bandua ngozi ya upande wa nje wa ganda, ile ya zambarau. Tumia wembe, kwa maana haiachii kwa urahisi kama ya ndani. Usitie iodini. Iweke kwenye maji matupu, uitazame kwa 10x: kila seli imejaa zambarau mpaka ukutani. Koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu glasi ya maji, weka tone moja kwenye ukingo mmoja wa kioo cha kufunikia, na ukingo wa pili gusisha karatasi ya chooni ili inyonye. Maji ya chumvi yatapita chini ya kioo. Baada ya dakika chache zambarau inaanza kujitoa kwenye kona za seli, inakusanyika, inakuwa kama puto ndani ya sanduku. Sanduku ni ukuta: chumvi na maji vinapita humo bila kizuizi. Puto limefungwa na utando, ambao unaruhusu maji kutoka lakini unazuia chumvi kuingia kwa kasi hiyo. Kwa usahihi, ukingo wa zambarau wenyewe ni utando wa vakuoli. Saitoplazimu na utando wa seli viko nje yake hapo hapo, lakini kwa lenzi hii vyote vitatu vinaonekana mpaka mmoja. Pitisha tena maji safi kwa njia ileile na puto linarudi kujaa, kama hukuliacha muda mrefu kwenye chumvi. Hakuna mchoro unaoeleza kazi ya utando vizuri kuliko dakika hizo chache.

Kitunguu hakina kloroplasti katika ngozi hiyo. Ni ganda lililokaa gizani. Mwanafunzi anayezipaka rangi ya kijani kwenye mchoro wa kitunguu amenakili kitabu, hakutazama. Za kuonyesha zinapatikana kwenye ile mimea midogo ya kijani inayoota kama zulia juu ya kuta na mawe yenye unyevu: ng'oa jani lake moja dogo kwa kibano, liweke kwenye maji, funika. Sehemu kubwa ya jani hilo ina unene wa seli moja, kwa hiyo halihitaji kukatwa. Kwa 40x kila seli ina kloroplasti nyingi za kijani kibichi, zenye umbo la dengu, zikiwa zimetulia kandokando. Humo ndimo mwanga unapogeuzwa kuwa chakula. Majani ya mimea ya kwenye matangi ya samaki ni bora zaidi ukiyapata, kwa kuwa baada ya dakika kadhaa chini ya taa kloroplasti mara nyingi huanza kutembea kuzunguka seli zikibebwa na saitoplazimu. Usitie iodini hapo, itaiua seli na mwendo utasimama.

Nyanya iliyoiva na pilipili hoho nyekundu zinastahili dakika tano. Rangi nyekundu haikumwagika kote ndani ya seli. Imefungwa katika vidonge vidogo, ndugu wa kloroplasti. Kiazi mviringo nacho: kwangua kidogo kwa wembe, tia iodini iliyozimuliwa, na chembe za wanga zitageuka bluu inayoelekea weusi. Ukiizimua vya kutosha, kwa 40x unaona mistari ya duara ndani ya chembe, tabaka juu ya tabaka.

Kwa seli ya mnyama tumia shavu. Kila mtu na kijiti chake cha pamba, hakuna kuazimana, na kikishatumika kinakwenda moja kwa moja kwenye chombo chenye maji ya klorini. Paka ute kwenye slaidi, uache ukauke kidogo, tia tone la methilini bluu ya asilimia 1, subiri dakika moja au mbili, funika na unyonye rangi inayozidi. Seli ni bapa, zimejikunja hapa na pale, zina upana wa mikromita 50 na kitu, na kiini cha bluu iliyokolea kiko karibu na katikati, kwa kuwa hakuna vakuoli kubwa ya kukisukuma. Hakuna ukuta. Hapa kuna kosa linalopitishwa mwaka hadi mwaka: vinukta vidogo vya bluu vilivyotapakaa juu ya seli na nje yake si ribosomu wala mitokondria. Ni bakteria wa mdomoni. Dalili ni hiyohiyo ya kuwa wako hata pale ambapo hakuna seli.

Baada ya hapo hadubini imefika mwisho wake, na mwalimu anapaswa kusema wazi kwamba imefika. Mitokondria, zinazochoma chakula kwa oksijeni na kuipatia seli nishati iliyofungwa katika molekuli iitwayo ATP, mtaalamu mwenye rangi maalumu na lenzi ya mafuta anaweza kuzibahatisha kama vinyuzi, darasani usiahidi. Ribosomu zinazounganisha asidi amino kuwa protini, retikulamu endoplazimu inayozipokea na kuzisafirisha, lisosomu zinazomeng'enya vilivyochakaa: hizo zilijulikana kwa hadubini ya elektroni, inayotumia elektroni badala ya mwanga, na kwa kuzivunja seli na kuzizungusha kwenye mashine. Christian de Duve aligundua lisosomu kwa kupima vimeng'enya kabla hazijaonekana, na mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na George Palade aliyezieleza ribosomu. Vifaa vya Golgi, vinavyofungasha protini na kuzipa anwani, ni ajabu kidogo: Camillo Golgi aliviona mwaka 1898 kwa hadubini ya mwanga, lakini kwa kuzipaka seli za neva madini ya fedha, na kwa miongo mingi baadaye wengi walidai ni madoa ya rangi tu. Chapisha picha mbili au tatu za hadubini ya elektroni kwenye karatasi za A4, uzibandike karibu na meza. Zinakamilisha somo kwa gharama ndogo kuliko lenzi yoyote ya ziada.

Hapo inakuja lenzi ya nne. Ya 100x, iliyoandikwa 1.25, hufanya kazi kwa tone la mafuta maalumu kati yake na slaidi. Bila mafuta inatoa ukungu. Nafasi kati ya lenzi na slaidi ni kama moja ya kumi au mbili za kumi za milimita, na ngozi ya kitunguu iliyolowa maji mara nyingi ni nene kuliko nafasi hiyo. Zahanati inayosoma damu ya malaria haiwezi kuishi bila lenzi hii, kwa kuwa kimelea aliye ndani ya chembe nyekundu yenye mikromita 7 au 8 anahitaji uwezo wote huo. Somo la sehemu za seli haliihitaji. Kama hadubini ya lenzi tatu inauzwa kwa bei ndogo na ya 40x ni nzuri, chukua hiyo. Na lenzi ya jicho ya 20x au 25x inayotiwa kwenye boksi ili kuandikwa 2000x au 2500x ni ya kuachwa humohumo. Ukuzaji wenye faida ni kati ya mara 500 na mara 1000 ya ile namba ndogo: kwa 0.65 ni 325 mpaka 650, kwa 1.25 ni 625 mpaka 1250. Ukipita hapo unakuza ukungu.

Lalamiko linalotolewa zaidi juu ya hadubini hizi ni “haionyeshi kitu”, na mara nyingi chombo hakina kosa. Sababu ya kwanza ni mwanga mwingi. Seli isiyo na rangi ni kama kioo ndani ya maji. Ukifungua yote diaframu, tundu la chini ya jukwaa linalopunguza au kuongeza mwanga, seli inafutika. Lenga kwanza kwa 10x, kisha funga diaframu taratibu huku ukitazama, na utaona mistari ikijitokeza. Ukiifunga kupita kiasi kila kitu kinapata kivuli maradufu, basi rudi nyuma kidogo. Sababu ya pili ni slaidi iliyogeuzwa juu chini. Kwa 4x na 10x inaonekana vizuri, na mwanafunzi anadhani yuko salama. Akifika 40x haifokasi kabisa, kwa kuwa kioo cha slaidi chenye unene wa milimita 1 kimekaa katikati na lenzi inataka 0.17. Anazidi kuzungusha skrubu kubwa mpaka slaidi inapasuka. Kanuni ya maabara iwe moja na isiyojadiliwa: ukiwa kwenye 40x, skrubu kubwa haiguswi.

Sababu ya tatu ni uchafu, na upo mtihani wake. Zungusha lenzi ya jicho ukitazama: doa likizunguka nayo, uchafu uko hapo. Sogeza slaidi: doa likihama, uko kwenye slaidi. Likibaki palepale, uko kwenye lenzi ya chini, na mara nyingi ni mafuta yaliyoganda kwenye ya 40x kwa sababu mtu alirudisha kizungusho kutoka kwenye 100x bila kufuta. Futa kwa karatasi ya lenzi iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti, kwa mwendo wa duara kutoka katikati, usitumie shati wala karatasi ya chooni. Katika miji ya pwani adui mkubwa ni kuvu: nyuzi kama utando wa buibui ndani ya lenzi, ambazo hula hata rangi ya kinga ya kioo na hazirudishiki. Mfuko wa plastiki uliofungwa juu ya hadubini yenye unyevu unaikuza kuvu hiyo. Iweke kwenye kabati lenye pakiti za silika au balbu ndogo inayowaka muda wote kulipa joto.

Dukani, usikubali kununua ikiwa kwenye boksi. Omba slaidi, au nenda na kitunguu na wembe wako. Fokasi kwa 10x, geuza kwenda 40x: kitu kilichokuwa katikati kibaki ndani ya picha, na skrubu ndogo isihitaji zaidi ya nusu mzunguko. Acha imefokasi dakika tano bila kuigusa. Picha ikipotea yenyewe jukwaa linashuka kwa uzito wake, na kama skrubu ya kukazia haiponyi hilo, rudisha. Bonyeza ncha ya lenzi ya 40x kwa kidole taratibu: inapaswa kurudi ndani kwa springi, ndiyo kinga ya siku slaidi itakapogongwa. Soma 0.65. Lenzi isiyoandikwa namba hiyo haina mdhamini. Kwa shule isiyo na umeme wa uhakika, iliyo na kioo badala ya taa ni chaguo la busara. Upande uliobonyea utumike bila kondensa (lenzi ya chini ya jukwaa inayokusanya mwanga) na ulio bapa ukiwa na kondensa, na kioo kielekezwe kwenye anga nyeupe au ukuta uliopakwa chokaa, kamwe kisielekezwe kwenye jua lenyewe, kwa sababu jicho linaungua.

Mbadala uliopo unahitaji maneno machache. Foldscope, hadubini ya karatasi iliyobuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski katika Chuo Kikuu cha Stanford na kuelezwa mwaka 2014, inakuza mara 140 kwa kilenzi kimoja cha duara na kutenganisha vitu vya takribani mikromita 2. Kiini cha kitunguu kilichotiwa iodini kinaonekana nayo, na kila mwanafunzi anaweza kuwa na yake; kwa kijiini haitoshi. Vikamera vya kuchomekwa kwenye kompyuta vinavyoandikwa 1000x ni vizuri kwa wadudu na majani, si kwa seli.

Modeli ya plastiki, ile nusu tufe yenye rangi, isinunuliwe kabla ya hadubini. Kama tayari ipo, itumie kufundisha ukubwa. Chukulia ina upana wa sentimita 30 na inawakilisha seli ya mikromita 30. Maana yake kila kitu kimekuzwa mara 10,000. Kiini cha mikromita 8 kiwe na sentimita 8, na hapo wengi wametengeneza vizuri. Mitokondria iwe na unene wa sentimita moja au nusu, na ziwe mamia, si zile tatu za rangi ya chungwa. Utando, ambao kwenye modeli ni ganda nene la plastiki, uwe na unene wa milimita 0.08, takribani kama karatasi ya daftari. Bandika kipande cha karatasi ya daftari pembeni ya lile ganda, kisha weka nukta moja ya kalamu juu yake: ribosomu ni ndogo kuliko hiyo nukta.